Sura ya Nne: Nani Anakutuma?

Laurean Rugambwa alipopelekwa Roma kusomea sheria za Kanisa hakuwa kijana aliyetoka kumaliza shule jana. Alikuwa padri mwenye miaka kadhaa ya kazi. Alizaliwa Bukongo, Kamachumu, mwaka 1912, akapita seminari ya Rubya, akavuka kwenda seminari kuu ya Katigondo upande wa Uganda, akapewa upadri Desemba 1943. Mwaka 1951 alikuwa amepata shahada ya uzamivu. Mwaka uliofuata akawa askofu, na Machi 1960 Papa Yohane XXIII akamfanya kardinali, Mwafrika wa kwanza katika zama hizi kupewa cheo hicho.

Watu wa Kagera wanaipenda habari hii, nao wana haki. Lakini inaposimuliwa kwa vijana, mara nyingi huachwa sehemu ambayo ingewafaa zaidi. Rugambwa alitumwa. Kabla hajapanda chombo, walikuwapo watu waliojua anakwenda kusoma nini, gharama inatoka wapi, na kwamba akirudi kazi ipo. Kama angekwama njiani, kuna mtu angeuliza.

Josiah Kibira naye ni vivyo hivyo. Alizaliwa mwaka 1925, akawa mwalimu kabla ya kuwa mchungaji. Kupitia Kanisa la Kilutheri alisoma Bethel, Ujerumani, kisha Chuo Kikuu cha Boston, Marekani. Na huko Boston aliandika nini? Tasnifu yake ya mwaka 1964 ilihusu Ukristo miongoni mwa Wahaya. Alivuka bahari, akaitumia elimu ya huko kuuchunguza Ukristo wa watu wa kwao. Mwaka huohuo akapokea uaskofu Bukoba kutoka kwa Bengt Sundkler, Mswidi. Mwaka 1977 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilipokutana Dar es Salaam, Kibira ndiye aliyechaguliwa kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Justinian Rweyemamu, mchumi aliyezaliwa Bukoba mwaka 1942, alisoma Fordham, New York, kisha Harvard. Kitabu chake kilichotolewa na Oxford University Press mwaka 1973 kinashughulika na swali moja: kwa nini viwanda vya Tanzania vimekuwa jinsi vilivyo, na nini kifanyike. Alirudi akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuwa mshauri wa Mwalimu Nyerere wa mambo ya uchumi.

Halafu yupo Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba wa mwaka 1950, aliyesoma Chuo Kikuu cha Sayansi ya Kilimo cha Uswidi, Uppsala, akabobea katika uchumi wa kilimo. Dunia inamjua kwa miaka yake ya kuongoza UN-Habitat kule Nairobi, kuanzia mwaka 2000 hadi 2010. Mimi ninapozungumza na wanafunzi huanza na kazi yake nyingine, makala aliyoichapisha mwaka 1994 kwenye jarida la kimataifa la uchumi wa kilimo. Ilihusu mashamba ya migomba na kahawa ya wakulima wadogo wa Kagera, na hasara inayopatikana kwa sababu kazi fulani ni za wanaume tu na nyingine ni za wanawake tu. Alipiga hesabu akaonyesha kwamba ugawaji huo ukilegezwa, kipato cha fedha cha kaya kinaweza kupanda hadi asilimia 10. Yaani kibanja, kile ambacho kila mtoto wa Muleba amekifagia na kukipalilia, kiligeuka kuwa hoja ya kitaaluma inayosomwa London na Stockholm.

Nimewaweka hawa wanne pamoja kwa sababu wamefanana katika jambo ambalo halionekani kwenye picha za uwanja wa ndege. Kila mmoja alikuwa na taasisi au kazi iliyokuwa na haja na elimu yake, na wengi wao walibeba swali kutoka nyumbani. Viwili hivyo ndivyo mwanafunzi wa leo anavyovikosa, kwa sababu siku hizi safari imekuwa rahisi kuianza. Kijana aliyekaa Nyanga au Rwamishenye na simu yake anaweza kutuma maombi ya chuo Malaysia, Poland na Canada kwa usiku mmoja, na baada ya wiki mbili akawa na barua ya udahili. Hakuna aliyemtuma. Barua ile inaletwa kwenye kikao cha ukoo, inapitishwa mkono kwa mkono, na baba mkubwa anauliza: “Mwanangu, huko unakokwenda, nani anakutuma?”

Vijana wengi hulipokea swali hilo kama tusi au kama ushamba wa wazee. Sidhani kama kuna swali bora zaidi katika shughuli hii nzima. Kamati za ufadhili za Ulaya na Asia huuliza lilelile kwa maneno marefu. Mtu asiyeweza kumjibu baba mkubwa kwa Kihaya hataweza kuijibu kamati kwa Kiingereza. Na kwa kuwa zama za kutumwa na jimbo au dayosisi zimepita kwa walio wengi, kazi ya mwanafunzi ni kumtafuta mtumaji wake mwenyewe, miaka miwili kabla ya safari.

Anza na swali utakalobeba. Kagera haijapungukiwa. Mnyauko wa bakteria wa migomba uliingia mkoani mwaka 2006 na kufyeka vibanja vilivyolisha watu vizazi na vizazi, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku kinapambana nao hadi sasa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilibomoa nyumba na madarasa na kuua watu katika mkoa ambao mafundi wengi hawakuwahi kujenga wakifikiria tetemeko. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa kwa mara ya kwanza Tanzania, na ulianzia hapa Bukoba vijijini. Kilimo, uhandisi, jiolojia, tiba, takwimu, sheria ya ardhi: kila fani ina mlango wake humu.

Angalia tofauti. Mwanafunzi mmoja anaandika kwenye maelezo yake kwamba tangu utotoni ana ndoto ya kusoma katika chuo cha hadhi ya kimataifa ili aisaidie jamii yake. Mwingine anaandika kwamba nyumbani kwao, kabla ya kuhama kutoka mgomba mmoja kwenda mwingine, mama yake hulipitisha panga motoni au hulichovya kwenye jiki. Kwamba ua dume la mgomba huvunjwa kwa mti wenye panda ili chuma kisiguse kidonda. Kwamba majirani watatu hawafanyi hivyo kwa sababu kuni na jiki ni gharama. Na kwamba yeye anataka kujua njia ipi ya kinga mkulima maskini ataifuata kweli. Huyu wa pili hahitaji kusema kwamba anaipenda jamii yake. Msomaji wa kamati, aliyeshasoma barua mia moja tangu asubuhi, atasimama hapo. Na profesa wa Wageningen au Uppsala anayeshughulikia magonjwa ya migomba ataona kwamba mwanafunzi huyu anajua kitu ambacho yeye hakijui.

Nakuja kwenye fedha, na hapa nina msimamo ambao sitauficha. Shahada ya kwanza isome nyumbani, au Afrika Mashariki, isipokuwa kama umepata ufadhili unaolipa kila kitu. Nje nenda kwa shahada ya uzamili au uzamivu. Tazama ufadhili wenyewe unavyotaka. Chevening ya Uingereza inadai saa 2,800 za uzoefu wa kazi. Ufadhili wa Taasisi ya Uswidi unadai saa 3,000. Kozi za maendeleo zinazofadhiliwa na DAAD ya Ujerumani zinataka mtu mwenye angalau miaka miwili ya kazi. Hawa wote wanamtafuta mtu aliyekwisha kufanya jambo mahali fulani. Miaka miwili katika halmashauri ya Muleba, katika zahanati, katika chama cha ushirika cha kahawa au darasani kwenye shule ya kata siyo kuchelewa, na hata kazi ya kujitolea inayoweza kuthibitishwa kwa barua ni bora kuliko kukaa mjini ukingoja. Huyo bosi wako wa halmashauri ndiye atakayeandika barua ya mapendekezo yenye uzito, kwa kuwa amekuona ukifanya kazi. Na akiandika kwamba ofisi yake inahitaji ujuzi unaokwenda kuutafuta, tayari umepata mtumaji.

Asiye na ufadhili anakutana na hesabu nyingine. Ujerumani inasifiwa kwamba vyuo vingi vya umma havitozi ada, na ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini anayeomba viza ya mwanafunzi anatakiwa aonyeshe fedha za kujikimu, na tangu mwaka 2024 kiasi hicho ni yuro 11,904 kwa mwaka, zikiwa zimewekwa kwenye akaunti maalumu ambayo utaruhusiwa kutoa kidogo kila mwezi. Hizo ni zaidi ya Sh30 milioni, na hujanunua tiketi. Uswidi, iliyosomesha wageni bure kwa miaka mingi, ilianza kuwatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya mwaka 2011. Norway ikafuata mwaka 2023. Uingereza inataka fedha ya ada iliyobaki na ya kujikimu ikae benki siku 28 mfululizo bila kupungua hata siku moja, pamoja na malipo ya huduma ya afya ya pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo. Kuna watu huazima fedha, wakaziweka kwenye akaunti kwa siku mbili, wakatoa taarifa ya benki na kuzirudisha. Maofisa wa viza wanaijua mbinu hiyo, na ombi likikataliwa kwa sababu ya nyaraka zenye udanganyifu, milango ya nchi hiyo inaweza kukufungia kwa miaka.

Ndipo wazo la kuuza kibanja linapoingia. Naomba wazazi wanisikilize hapa. Kahawa imesomesha watoto wa Buhaya tangu wakati wa Mwingereza, na ilifanya hivyo kwa mavuno, msimu hadi msimu. Shamba lenyewe lilibaki. Anayeuza kibanja ili alipe mwaka wa kwanza wa chuo cha binafsi ughaibuni hana mwaka wa pili. Mtoto atafika huko, mwaka utaisha, ada itadaiwa tena, naye ataacha darasa na kuingia kwenye kazi za usiku ambazo viza yake haimruhusu kuzifanya kwa saa zote hizo. Nyumbani hakuna shamba, na huko hakuna shahada. Ukiona mpango wa safari unakamilika tu kwa kuuza ardhi ya ukoo, mpango huo haujakamilika.

Wakala anayekwambia nafasi zinaisha Ijumaa umkwepe. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, husajili mawakala wa vyuo vya nje. Uliza jina la wako kama limo kwenye orodha. Na ufadhili wa kweli kama Chevening au wa Jumuiya ya Madola hautozi ada ya maombi. Anayekuomba Sh200,000 ili “akusukumie” jina lako anazitaka hizo laki mbili tu.

Sasa nyaraka, na hapa nitakaa kwa sababu ndipo safari nyingi za watu wetu zinapofia. Chukua bahasha ya mwanafunzi wa kawaida wa Bukoba uimwage mezani. Cheti cha ubatizo kinasema Lwegasira. Cheti cha kidato cha nne kinasema Rwegasira. Kitambulisho cha NIDA kina majina matatu, cheti cha chuo kina mawili, na kwenye cheti cha kuzaliwa jina la babu limekaa mahali pa jina la baba. Kijijini wote wanajua ni mtu yuleyule, kwa kuwa katika kuandika majina yetu L na R zimekuwa zikibadilishana kwa kutegemea karani aliyeshika kalamu siku hiyo. Ofisa wa viza hajui hivyo. Anaona watu wawili.

Dawa ipo lakini inachukua muda. Cheti cha NECTA ndicho kigumu kuliko vyote kubadilisha, kwa hiyo acha hati nyingine zikifuate. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinashughulikiwa kupitia ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya. Nenda na tangazo la kizazi kama lipo, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo na vyeti vya shule. Kama majina yanatofautiana, wakili ataandaa hati ya kiapo, au hati ya kubadili jina inayosajiliwa rasmi. Kisha NIDA. Kisha pasipoti, ambayo ada yake ni Sh150,000, na maombi yake hujazwa kwa mtandao kabla ya kufika Uhamiaji. Fuata mpangilio huohuo, kwa maana kila hati inaibeba ile inayofuata. Mwenye bahati humaliza kwa wiki chache, asiye na bahati kwa miezi, na dirisha la maombi halimngojei yeyote kati yao. Chevening kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa mwezi wa kumi. Maombi ya vyuo vya Uswidi hufunguliwa katikati ya Oktoba na kufungwa katikati ya Januari, kwa masomo yanayoanza mwishoni mwa Agosti. Anayeanza kutafuta cheti cha kuzaliwa baada ya kusikia tangazo redioni amekwisha kuukosa mwaka huo.

Weka pia safari ya Dar es Salaam katika bajeti, pengine zaidi ya moja. Balozi ziko huko, vituo vya kuchukua alama za vidole viko huko, na mtihani wa Kiingereza wa IELTS huenda ukakupeleka huko. Kutoka Bukoba ni karibu kilomita 1,400 za barabara. Mwanafunzi wa Kinondoni akisahau picha mbili hurudi nyumbani akazichukua. Wewe ukisahau umepoteza nauli na siku tatu.

Umbali huo unanikumbusha jambo ambalo ramani inalisema wazi nasi hatulisikii. Kwa mtu wa Bukoba, nje ya nchi ni karibu kuliko Dar. Mutukula ni kilomita 80 hivi, na Kampala ni takribani 300. Kabla ya lami kufika mikoa ya magharibi, mabasi ya Bukoba kwenda Dar yalipita Kampala na Nairobi. Na kabla ya chuo kikuu kufunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, aliyetaka elimu ya juu bila kuvuka bahari alikwenda Makerere, kama Nyerere mwenyewe alivyokwenda mwaka 1943. Makerere imekuwapo tangu 1922, ina watafiti wanaoshughulika na migomba ileile, ziwa lilelile na magonjwa yaleyale, na ni miongoni mwa vyuo vinavyotoa ufadhili wa Mastercard Foundation. Mwanafunzi wa Kampala hula ndizi, husikia lugha inayokaribiana na yake, na msiba ukitokea nyumbani anafika siku hiyohiyo. Sioni sababu ya kuiweka Makerere chini ya chuo kisichojulikana cha Ulaya Mashariki eti kwa kuwa huku hakuna theluji.

Limebaki la kurudi, na hilo hupangwa kabla ya kuondoka. TCU ndiyo inayotambua shahada za nje, na hutazama pamoja na mambo mengine sifa ulizoingia nazo chuoni. Kwa hiyo omba kwake mapema cheti cha kutokuwa na pingamizi, uhakikishe chuo na kozi vinatambulika. Kwa udaktari hili ni la lazima mara mbili, kwa kuwa hutamgusa mgonjwa nchini kabla ya kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Nimeona wazazi wakifurahi kwamba mtoto amekubaliwa kusomea udaktari nje kwa alama ambazo zisingempeleka Bugando wala Muhimbili. Furaha hiyo isubiri kidogo.

Dunia nayo hubadilika bila kumuuliza mtu. Wanafunzi wetu waliokuja likizo kutoka China mwanzoni mwa 2020 walifungiwa nje ya nchi ile hadi mwaka 2022. Waliokuwa Ukraine walikimbia vita Februari 2022 wakaacha madarasa katikati. Waliokuwa na taasisi nyuma yao walipata mtu wa kuwahamishia chuo kingine au kuwarudishia nafasi kazini. Aliyekwenda peke yake alianza upya peke yake. Chevening humtaka aliyefadhiliwa arudi nchini kwake kwa angalau miaka miwili, na wapo wanaolitazama sharti hilo kama kifungo. Mimi naliona kuwa ni upande wa pili wa kutumwa: aliyekutuma anakungoja.

Kama uko mwaka wa pili au wa tatu chuoni na unakusudia kwenda, huna haja ya kungoja tangazo lolote. Wiki hii toa bahasha yako, weka cheti cha kuzaliwa kando ya cheti cha kidato cha nne, usome majina herufi kwa herufi. Yakitofautiana, Jumatatu asubuhi uwe kwenye ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya.